Roboti kupolishi bleidi za injini ya ndege (yale mapanga yanayozunguka ndani), inawezekana kweli?

Wakuu, hivi roboti inajuaje isage wapi kwenye bleidi iliyochakaa, maana kila moja inaliwa kivyake, programu moja itafaaje zote?

Jibu: Sio programu moja mkuu. Bleidi inaskaniwa kwanza, kompyuta inalinganisha umbo lake na la kwenye mchoro, ncha iliyoliwa inajazwa kwa kuchomelea ndo roboti inasaga ule mwinuko taratibu mpaka ulingane na pembeni.

Jibu: Muhimu zaidi ni sensa ya nguvu kwenye kifundo cha mkono wa roboti, inahisi mkandamizo na kuurekebisha. Ikikandamiza sana chuma kinaungua, hapo bleidi ishaharibika.

Jibu: Vumbi la titani, metali ya baadhi ya bleidi, msilisahau jamani, linashika moto haraka, linyonywe muda wote.