Lokesheni na wahusika wa filamu fupi ya taharuki Dar es Salaam: tupunguze wapi?

Mwanafunzi_Temeke

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi na wenzangu watatu tunasomea sanaa za maonesho hapa Dar es Salaam, na muhula huu tunatakiwa kuwasilisha filamu isiyozidi dakika 12. Tumechagua kisa cha taharuki. Mhusika mkuu ni Rehema, wakala wa pesa za simu mwenye kibanda Tandika, ambaye siku moja anapokea ule ujumbe tunaoufahamu sote, wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Kabla hajaufuta, zinaingia kwenye laini yake binafsi shilingi milioni 4 asizozijua zilikotoka, na tangu hapo anaanza kufuatwa.

Lokesheni tulizopanga ni kibanda chenyewe, ghorofa moja la Kariakoo anapokutana na mtu anayejiita ofisa wa kampuni ya simu, pantoni la Kigamboni anapogundua kuwa anafuatwa, mapango ya Pugu zinapofichwa fedha, na ufukwe wa Coco kwa sini ya mwisho wakati wa machweo. Wahusika ni Rehema, mdogo wake, mchumba wake, askari polisi, ofisa wa uongo, bosi wa genge na vijana wake wawili. Tuna simu mbili za kurekodia, maikrofoni moja, taa moja na wikendi mbili. Naomba ushauri wenu kuhusu nini kibaki na nini kiondoke.

Fundi_Sauti

Mdogo wangu, kisa ni kizuri, lakini lokesheni tano kwa wikendi mbili maana yake mtatumia muda mwingi kwenye foleni ya magari kuliko mbele ya kamera. Pugu iondoke leo hii. Hela ya simu haifichwi pangoni, na nadhani mliiweka kwa sababu mapango yanatisha, si kwa sababu Rehema ana shida ya kwenda huko.

Coco nayo mngeifikiria upya. Upepo wa bahari utaingia kwenye maikrofoni yenu hiyo moja na mazungumzo hayatasikika. Hapa kwetu jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi, kwa hiyo mwanga mnaoutaka mtaupata kwa dakika chache tu kila siku. Mkikosea, mnarudi kesho yake, na hapo ndipo maji yatakapowasaliti, maana saa ya kujaa na kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti ya kina hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Rehema atakuwa amesimama penye mchanga mkavu, na katika kipande kinachofuata mawimbi yanampiga magotini. Mwendelezo hauwezi kuokolewa kwenye uhariri.

Kibanda ndicho hazina yenu. Kina dirisha dogo lenye nondo, hivyo anayekuja huonekana kifua na mikono kabla ya uso. Rekodini humo sini zisizopungua tatu, asubuhi, jioni na usiku taa ikiwa ndani na barabara ikiwa giza. Ongeeni na jirani mwenye spika mapema, na kumbukeni kuwa adhana na honi za daladala zitaingia tu, basi ziandikeni kwenye muswada badala ya kupambana nazo.

Bibi_Muswada

Naunga mkono hoja ya kibanda, nami nigusie wahusika, kwa sababu hapo ndipo naona pengo kubwa zaidi. Fedha zikiingia kwenye simu, jina la mtumaji huonekana, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Mtazamaji wa Tanzania analijua hilo, na atauliza mara moja kwa nini Rehema hasomi jina. Msilikwepe swali hilo, bali lifanyeni kuwa moyo wa kisa. Je, ikiwa jina linaloonekana ni la mteja wake wa siku nyingi, ambaye mtaa mzima ulimzika mwezi uliopita? Hapo hamhitaji bosi wa genge wala vijana wake, maana mwenye kushikilia laini ya marehemu lazima awe mtu wa karibu.

Watatosha wanne. Rehema abaki, na mdogo wake abaki kwa kuwa ndiye anayeachiwa kibanda dada yake akitoka. Mchumba na ofisa wa uongo waunganisheni wawe mtu mmoja, yaani jirani mstaarabu anayejitolea kumsaidia kurudisha muamala. Wa nne awe mjane wa yule marehemu, anayekuja dirishani kuuliza kwa upole kama mumewe aliacha deni. Askari asikike kwenye simu tu.

Na msisahau daftari la miamala. Wakala anajua nani humtumia nani, kiasi gani na tarehe ngapi, kwa hiyo Rehema anajua siri za mtaa kuliko mjumbe wa nyumba kumi. Mwonesheni akipitisha kidole kwenye safu ya saini hadi penye saini ya marehemu yenye tarehe ya baada ya mazishi. Tukimwona jirani amesimama nyuma yake naye akiisoma, na Rehema hana habari, taharuki imepatikana bila mtu kukimbizwa.

Mvuvi_wa_Kigamboni

Nakubaliana na mengi, ila pantoni lisiondolewe. Kwenye daladala unaweza kushuka kituo chochote, lakini pantoni likishaondoka Magogoni hakuna pa kushukia hadi ng'ambo, na umesimama bega kwa bega na mtu unayemwogopa. Jirani anaweza kumsalimia tu, amwulize mdogo wake yuko wapi, basi.

Fundi_Sauti

Kaka, kwa hoja ya kisanaa umenishinda. Lakini upande wa Magogoni uko jirani na Ikulu na bandari, na kijana kutoa kamera pale bila karatasi ni kujitafutia kulala kituoni. Kama wanalitaka, waombe ruhusa ya wasimamizi wa kivuko, warekodi wakiwa ndani na lenzi ielekee nyuso badala ya ufuko.

Mwanafunzi_Temeke

Nashukuruni sana, wakubwa zangu. Tumekaa na wenzangu na tumeamua kubaki na kibanda, chumba cha Rehema na pantoni, na mjane ameingia kama Bibi alivyoshauri. Swali moja limebaki: je, kazi ya wanafunzi nayo inahitaji kibali?

Bibi_Muswada

Inahitaji, mwanangu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kurekodi, nacho hutolewa na Bodi ya Filamu Tanzania. Andaeni muswada na barua ya chuo mapema. Kwa Tandika, mwoneni pia mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tena mkiwa na mwenye kibanda, asije akasikia habari zenu kwa watu wengine.