Waliokuwa wakisoma habari mstarini, hebu jitokezeni

kiranja_mstaafu:

Habari zenu wadau. Nina swali, ila lina maelezo kidogo, mnivumilie.

Binti yangu yuko darasa la tano na amepangiwa kusimama mbele ya shule nzima kuzungumzia usafi wa mazingira. Ni dakika chache tu. Tangu habari hiyo ifike nyumbani, kila mtu anamletea dawa ya woga. Vuta pumzi. Kunywa maji. Usiwaangalie machoni. Shangazi yake kamwambia ajifanye anaongea na vichuguu! Mtoto wa watu hakuwa na woga wowote. Sasa anao.

Mimi nataka asikie upande wa pili, kwamba wapo watu waliokuwa wakiisubiri zamu yao kwa hamu. Nilikuwa mmoja wao.

Kazi yangu ilikuwa kusoma muhtasari wa habari asubuhi mstarini, shule nzima imekusanyika uwanjani kabla ya masomo. Jioni nakaa na daftari pembeni ya redio, naandika mbio kwa vifupisho nilivyovibuni mwenyewe, maana msomaji wa redioni hamngoji mtu. Taarifa ikiisha nachambua: za nchini kwanza, kisha ya ng'ambo, halafu michezo. Michezo niliiweka mwisho kwa makusudi. Ukiitanguliza, wakishajua nani kafungwa, hizo nyingine unawasomea walimu peke yao.

Asubuhi, ukaguzi wa kucha umekwisha, mwalimu wa zamu katoa matangazo yake, naitwa. Uwanja hauna kuta za kuirudisha sauti, ikitoka imekwenda. Kwa hiyo nilikuwa na mtu wangu, rafiki mmoja mrefu ambaye siku zote alisimama nyuma kabisa. Tulipatana kwamba sauti isipomfikia akune sikio. Basi mimi nasoma huku jicho liko kwake. Akikuna, napaza sauti. Akiendelea kukuna, napunguza mwendo, na mara nyingi hapo ndipo mkono unaposhuka. Kumbe sauti ilikuwa inafika ila maneno yalikuwa yanakanyagana njiani. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hilo, ni lile sikio.

Utamu wenyewe ulikuwa hapa. Nikishasema "Na sasa michezo," nanyamaza. Kidogo tu. Minong'ono inakatika, hata walimu waliokuwa wakiteta pembeni wanageuka. Mtoto mwenye sare ya kurithi, kola imelika, na shule nzima inamngoja yeye afungue mdomo! Nimeongoza vikao vingi vya kazini tangu hapo, na sijapata tena usikivu wa namna ile.

Haya, nyie mlisimama kusema nini, na kilichowakolea ni kipi? Dawa za woga tunazo za kutosha, asanteni.

chaki_na_ubao:

Umekataza dawa, basi sitoi. Nimefundisha miaka mingi, nami nitakusimulia nilichokiona upande wa walimu.

Msemaji niliyempenda kuliko wote hakuwa wa mdahalo wala wa hotuba. Alikuwa kijana wa kutangaza vitu vilivyookotwa. Kazi hiyo wenzake waliiona ya adhabu. Yeye alikuwa anakiinua kitu juu, anakizungusha kila upande wakione, kisha anakinadi: "Kiatu kimoja, cha kushoto, kimetembea sana. Mwenyewe ajitokeze kabla hakijapata mchumba." Watu wanavunjika mbavu. Kituko ni kwamba vitu vilianza kuwapata wenyewe. Zamani mtoto alikuwa anaona aibu kwenda kudai kifutio mbele ya watu, sasa ikawa kama heshima kutajwa na yule bwana.

Alichokuwa nacho ni ufupi. Wanafunzi wangu nilikuwa nawapa mfano wa Gettysburg, kule Marekani, walipozindua makaburi ya wanajeshi tarehe 19 Novemba 1863. Msemaji mkuu siku ile alikuwa Edward Everett, bingwa wa hotuba, akazungumza kama saa mbili. Akafuata rais wao, Abraham Lincoln, hakumaliza hata dakika tatu. Hotuba inayokaririwa mpaka leo ni ya huyo wa pili, na Everett mwenyewe alimwandikia kesho yake kumsifu. Sasa binti akikwambia hotuba yake ni fupi mno, usimwongezee hata aya moja.

mizani_kumi_na_sita:

Mimi nina kigugumizi. Bado ninacho, msinione naandika bila kukwama.

Darasani nikiulizwa jina langu tu ilikuwa shughuli. Lakini mstarini nilikuwa mghani wa mashairi, na pale sikukwama. Shairi la mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, kila mshororo linakupa kituo katikati, kwenye mizani ya nane, na kina, ile silabi ya mwisho inayojirudia, kinakuonyesha pa kutua. Huhangaiki kutafuta pa kuvutia pumzi, mtunzi amekwisha kukupangia. Baadaye nilikuja kujua kwamba wengi wenye kigugumizi wako hivyo, maneno yakienda kwa mapigo, au yakisemwa na wengi kwa pamoja, ulimi unafunguka.

Kitamu kwangu? Zile nyuso za darasani kwangu wakati wa ubeti wa kwanza. Waliokuwa wakinimalizia sentensi, siku ile walikuwa hawajui neno linalofuata ni lipi. Mimi tu ndiye niliyekuwa ninalijua.

nyuma_kabisa:

Kwa niaba ya tuliokuwa tukisimama mstari wa nyuma: katika miaka yote ile tulisikia maneno mawili tu, "jana" na "asanteni". Na tulipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Ila mwenye habari ananishangaza. Angekuja kwetu na mpango wa kukuna sikio, tungekuna wote.

kiranja_mstaafu:

@nyuma_kabisa ndiyo maana niliweka mtu mmoja na siri haikutoka 😂

@mizani_kumi_na_sita nimemsomea binti maneno yako. Akauliza kama usafi wa mazingira unaweza kuandikwa kwa vina. Sasa hivi yuko mezani anatafuta neno la kukaa na "taka". Kapata "nyoka", nimemwambia naona hilo halina kina nayo, akakasirika. Kama una msaada, leta.

@chaki_na_ubao huyo kijana wa viatu naomba ungekuwa na maneno yake zaidi.

mdau_wa_pembeni:

Mbona hakuna aliyemtaja Demosthenes? Yule msemaji wa Ugiriki ya kale aliyejizoeza kusema akiwa na kokoto mdomoni, na kuhutubia mbele ya mawimbi ili azoee kelele za watu. Mpe binti mazoezi hayo.

kiranja_mstaafu:

Hayo ya kokoto anayasimulia Plutarch, mwandishi wa kale, na yule alikuwa mtu mzima. Kokoto mdomoni mwa mtoto wa darasa la tano, hapana kaka, atazimeza. Hayo ya mawimbi tumeyafanya kwa njia yetu. Wadogo zake wanapiga masufuria, yeye anahutubia akiwa chumba cha pili. Majirani watusamehe.

mizani_kumi_na_sita:

"Taka" ina ndugu tele: mashaka, mipaka, kuanguka, kusafika. Hata "nyoka" ni ndugu yao, kina ni silabi ya mwisho na wote wanaishia na "ka", kwa hiyo binti hakukosea. Mwambie asianze na kina, aanze na anachotaka kusema, kisha ahamishe maneno mpaka kina kiangukie mwisho. Kiswahili kinaruhusu kugeuzageuza, ndiyo raha yake.

Na je, kutakuwa na kipaza sauti?

kiranja_mstaafu:

Kipo, ila nasikia kinapiga mluzi.

chaki_na_ubao:

Hicho kinaisikia spika yake chenyewe. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye kipaza, inakuzwa, inatoka tena, inazunguka hivyo hadi iwe mluzi. Asimame nyuma ya spika, asiwe mbele yake, wala asikielekeze huko. Akishike karibu na kidevu, wala asikifunike kichwa kwa kiganja kama waimbaji wanavyofanya, hapo ndipo mluzi unapozidi. Kikigoma kabisa akiweke chini aendelee kwa koo lake, na wewe mtafutie mtu mrefu wa kumweka nyuma.

kiranja_mstaafu:

Kaka yake yuko darasa la saba na ni mrefu. Tatizo anataka alipwe.