Ushauri: Tunataka kuzipa fedha mkononi kaya maskini 24 kijijini kwetu Chamwino. Mkupuo mmoja au kidogo kidogo?

Mzawa_Chamwino:
Habari za leo wakuu. Sisi ni kikundi cha wazawa wa kijiji kimoja wilaya ya Chamwino, wengi tunaishi Dodoma mjini na Dar. Miaka yote tumekuwa tukipeleka magunia ya mahindi wakati wa njaa. Safari hii tumekubaliana kutoa fedha taslimu, kaya ichague yenyewe. Tumechanga 6,600,000. Mpango ni kaya 24, kila moja 250,000, na 600,000 inayobaki iwe ya makato ya kutuma fedha na gharama.

Ndani ya kikundi tumegawanyika. Wapo wanaotaka zitolewe zote Januari njaa inapokolea. Wengine wanasema za Januari zitaliwa na kwisha, bora tusubiri Juni baada ya mavuno ili watu wanunue mbuzi. Wapo pia wanaohofia pombe, na wanaouliza itakuwaje kwa kaya ambazo tayari ni walengwa wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Naomba ushauri wa wenye kujua. Natanguliza shukrani.

Jembe_Mpini:
Mkuu, hoja ya "zitaliwa na kwisha" ndiyo inayowapoteza wenzako, kwa hiyo naanza nayo.

Angalieni Januari inavyokuwa kwa kaya isiyo na akiba. Mvua imeshaanza tangu Desemba, uwele na mtama vimeota, na palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya pili hadi ya tatu baada ya kuota. Wiki hizo hizo ghala ni tupu. Baba na mama wanakwenda kupalilia mashamba ya watu ili jioni wapate unga, la kwao linabaki kwenye majani. Wakirudi kulipalilia Februari, mimea imeshadumaa, na kama ni shamba la mtama lenye gugu la kiduha hasara inakuwa kubwa zaidi, maana kiduha hunyonya mizizi kabla hujakiona juu ya ardhi. Mei wanavuna kidogo, na Januari inayofuata wanarudi kwenye kibarua. Ndiyo maana kaya ileile huwa na njaa kila mwaka hata mvua ikiwa nzuri.

Fedha ya Januari inanunua unga, kweli, lakini pamoja na unga inanunua siku za watu wawili kukaa kwenye shamba lao. Huo ni mtaji, tena mkubwa kuliko mbuzi mmoja.

Mimi ningegawa hivi: Novemba 50,000, Januari 40,000, Februari 40,000, Juni 120,000. Jumla 250,000.

Ya Novemba ni ya mbegu na kutayarisha shamba. Ekari moja ya mtama inataka mbegu kama kilo 4, ya uwele kilo 2 hivi. Macia kwa mtama, Okoa au Shibe kwa uwele, zote zinakomaa mapema na zinafaa mvua zetu fupi. Kosa la kawaida ni kuchelewesha malipo haya hadi Desemba katikati. Kufikia hapo mtu ameshapanda punje alizobakiza kwenye chakula, au ameikosa mvua ya kwanza.

Kufuli_Tatu:
Namuunga mkono Jembe_Mpini, na ushahidi upo. Utafiti uliofanyika Rarieda, Siaya, kule Kenya, kwa fedha za GiveDirectly, shirika linalogawa fedha taslimu kwa maskini, ukachapishwa 2016, ulilinganisha kaya zilizolipwa kila mwezi na zilizolipwa kwa mkupuo. Za kila mwezi zilikuwa na uhakika zaidi wa chakula. Za mkupuo zilinunua zaidi vitu vya kudumu, kama bati. Kwa hiyo kabla ya kubishana, kikundi kiamue kinataka kutibu nini. Kwa wanaoishi kwenye tembe, nyumba ya udongo hadi paa, linalotaka kukandikwa upya kila mwaka kabla ya mvua, bati ni jambo la maana sana, ila halimuondoi mtu kwenye kibarua cha Januari.

Kuhusu pombe: wilaya yenu wenyewe ni mfano. TASAF ilipojaribu uhawilishaji fedha kwa masharti mwaka 2010, ilianzia Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vilikuwa vijiji 80, 40 vikachaguliwa kwa bahati nasibu kuanza kupokea, 40 vikawa vya kulinganishia. Tathmini ilikuta kaya zilizopokea zimejiunga zaidi na bima ya afya ya jamii (CHF), watoto wengi zaidi wana viatu, na mifugo midogo imeongezeka. Na uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi nyingi haukukuta fedha hizi zikiongeza matumizi ya pombe na sigara. Mlevi kijijini yupo kabla ya fedha zenu na atakuwepo baadaye. Msiwapangie kaya 24 masharti kwa sababu ya mmoja.

Mnachoweza kufanya ni kuandikisha mama wa kaya kuwa mpokeaji. Na hapa kuna mtego: nyumba za mitala. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake, shamba lake na ghala lake, hizo ni kaya mbili. Mkiandika jina la mzee tu, jiko moja litalala njaa huku kwenye daftari lenu imeandikwa limelipwa.

Mdau_Kibaigwa:
Mimi napinga kidogo, wakuu. Fedha zina maana pale tu bidhaa ipo. Kijiji chenye maduka mawili, barabara imekatika kwa mvua, ukimwaga 960,000 siku moja (kaya 24 mara 40,000) bei ya debe la mahindi itapanda kesho yake. Magunia yana ubaya wake lakini yanalika.

Kama mmeshaamua fedha, basi wiki mbili kabla ya malipo ya Januari zungumzeni na wenye maduka pale kijijini. Waambieni tarehe, wapandishe mzigo kutoka soko la nafaka la Kibaigwa mapema. Mwenye duka akijua wateja wanakuja na fedha ataleta. Pia ulizeni wilayani kama NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, imefungua kituo cha kuuza mahindi ya bei nafuu karibu na kwenu. Mwaka wenye uhaba huwa wanafungua, na hapo kaya nne zikichangia nauli ya pikipiki ya miguu mitatu zinaokoa nyingi.

Jembe_Mpini:
Mdau yuko sahihi. Njia nyingine ya kupunguza hilo ni msilipe wote siku moja. Kaya 12 Jumatatu, 12 wiki inayofuata.

Mama_Mtama:
Naongezea kwenye malipo ya Juni, maana wanaume wengi mawazo yao yanaishia kwenye mbuzi.

Baada ya mavuno nafaka iko kwenye bei ya chini kabisa. Gunia la kilo 100 la mtama linunuliwe wakati huo. Kaya ya watu watano inayotumia kilo 2 kwa siku inakula siku 50, yaani Januari na sehemu kubwa ya Februari. Hilo peke yake limeondoa kibarua. Nunueni kwa kupima kilo. Ukikubali lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, unapouza umeshaumia, na ukinunua kwa kopo hujui unapata nini.

Gharama iliyojificha ni uhifadhi. Mtama ukiwekwa kwenye kiroba cha kawaida wadudu wanamaliza, na kwa mahindi dumuzi ni balaa zaidi. Tumieni mifuko ya tabaka tatu. Nafaka ikauke kwelikweli kwanza: ukiitafuna iwe ngumu na ipasuke kwa kishindo. Jaza mfuko wa ndani, kamua hewa yote, sokota mdomo na ufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa mfuko wa pili, kisha kiroba cha nje. Usiuweke sakafuni wala usiuegemeze ukutani, weka juu ya magogo. Inapoharibika mara nyingi ni kwa sababu mtu anafungua kila baada ya siku mbili kuchota. Hewa ikiingia, wadudu wanafufuka. Ya kula mwezi huu ibaki pembeni.

Kwa anayetaka mifugo, kuku ni rahisi kuanza nao: matetea matano na jogoo mmoja. Bila chanjo ya mdondo (kideri) msinunue kabisa. Ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu, kwa kuku mzima asiyeumwa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi, kwa hiyo kaya zote zichanje siku moja na kuchangia bei. Kibebwe kwenye chupa ya chai yenye barafu, na kikifunguliwa kitumike siku hiyohiyo. Atakayebaki bila kuchanja kuku wake ndiye atakayewaletea wenzake ugonjwa.

Mbuzi: jike mwenye meno mawili au manne ya ukubwani, mkague kiwele na macho, dai stakabadhi ya mnada na kibali cha kusafirisha. Mimba ni miezi mitano, hivyo msitarajie faida mwaka huohuo.

Mzawa_Chamwino:
Nashukuru sana ndugu zangu, mmenifumbua. Mama_Mtama ubarikiwe. Nabaki na mawili: namna ya kuwafikishia, na hao wa TASAF.

Kufuli_Tatu:
Kufikisha: msikimbilie simu bila kukagua. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), wazee wengi ambao vidole vimesuguliwa na jembe wanatumia laini ya mtoto au jirani. Fedha ikiingia kwenye laini ya mwingine imeshakuwa na mabishano. Pitieni kaya 24 moja moja: laini ni ya nani, nani anajua namba ya siri, wakala wa karibu yuko umbali gani. Wakala wa kijijini mara nyingi hana fedha za kutosha mkononi, kwa hiyo muarifuni siku tatu kabla. Na tumeni pamoja na ya kutolea, la sivyo 40,000 inafika pungufu, tena kwa mtu anayeihesabu mara tatu. Nendeni na mtu mnayemwamini siku hiyo, maana kuna mawakala wanaomwambia bibi "nipe namba ya siri nikusaidie".

Jambo la pili siku ya malipo: madeni. Mwenye duka anakaa karibu na daftari lake. Muulizeni kila mpokeaji mapema anadaiwa kiasi gani, na mkubaliane na mkopeshaji alipwe kwenye fedha za Juni, si za Januari. Wengi wanakubali wakiambiwa kwa heshima mbele ya balozi wa nyumba kumi.

TASAF: walengwa hupokea kila baada ya miezi miwili, na wenye watoto wana masharti ya shule na kliniki. Msiwaondoe kwenye orodha yenu kwa sababu tu wanapokea huko, ila pangeni tarehe zisigongane na dirisha la malipo, fedha zisambae kwenye miezi. Muoneni Mtendaji wa Kijiji kwanza, kisha majina yasomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kitongoji na watu waruhusiwe kupinga. Tangazeni vigezo kabla ya majina: bibi anayelea wajukuu, mwenye ulemavu asiye na wa kumlimia, kaya isiyo na mfugo hata mmoja. Mkianza na majina, mtatumia mkutano mzima kujibu "kwa nini yule".

Mdau_Kibaigwa:
Na ile 600,000 msiimalize kwenye makato. Tengeni 150,000 ya dharura. Katika kaya 24, kati ya Januari na Machi, lazima mmoja atalazwa, na asipopata msaada atauza gunia lake la mbegu.

Jembe_Mpini:
Mbegu anazo Novemba, Mdau, Januari ziko ardhini. Ila hoja ya dharura naikubali. Mzawa, mpangilio huu ukikubaliwa na kikundi, jambo la kwanza ni kuonana na Mtendaji mwezi Oktoba mwanzoni, ili mkutano ufanyike na laini zikaguliwe kabla ya malipo ya Novemba.