Nimeachiwa makasha mawili ya kaseti za Grateful Dead, nianzie wapi?

Mgeni_wa_Ohio:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa sita sasa. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani wa miaka sabini na ushee, amehamia kwa binti yake. Kabla ya kuondoka akaniita gereji, akanikabidhi makasha mawili ya kaseti. Kosa langu ni kwamba siku moja nilimsifia gitaa lililokuwa linasikika kwenye gari lake. Nimezihesabu, ziko 143. Zote ni za bendi moja, Grateful Dead, na zote zimerekodiwa jukwaani, hakuna hata moja ya dukani.

Nilikuwa siijui kabisa bendi hii. Kumbe ni ya California, ilianza 1965 na ikavunjika 1995 baada ya kufariki Jerry Garcia, mpiga gitaa wao. Kwa miaka hiyo 30 walipiga maonyesho zaidi ya 2,300! Wimbo mmoja unaweza kwenda dakika 20, na wa leo haufanani na wa jana. Mimi niliyekulia kwenye dansi nimewaelewa haraka: unasubiri chemko, likija limekuja.

Maswali yangu: nizihamishie vipi kwenye kompyuta bila kuziharibu? Nianze na zipi? Iliyonikosha ni ya 5 Agosti 1977, imeandikwa "5/8/77 Cornell SBD", sauti safi kama ya studio. Na la mwisho, shemeji yenu anauliza kama hayo makorokoro yanauzika, maana yamejaa sebuleni.

KidoleJuu:
Uza mkuu. Weka mtandaoni, wazungu wanalilia vitu hivyo.

Mzee_wa_Deki:
Marahaba kijana. KidoleJuu, ngoja kwanza usimpotoshe mwenzio.

Tuanze na tarehe. Wamarekani wanatanguliza mwezi. Hiyo ni 8 Mei 1977, Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell. Agosti ile bendi haikuwa barabarani kabisa, kwa sababu Juni mpiga ngoma wao Mickey Hart alipata ajali ya gari na ziara ikafutwa. Kwa hiyo pitia makasha yote upya kabla hujaandika orodha, la sivyo utajaza maonyesho ambayo hayakuwahi kufanyika.

SBD maana yake sauti ilichukuliwa moja kwa moja kwenye mitambo. AUD ni msikilizaji aliyesimamisha maikrofoni zake katikati ya umati. Ya Cornell ilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi mitambo wa bendi, mwanamke ambaye mashabiki wanamtaja kwa heshima kama wapiga vyombo wenyewe. Baadaye kanda zake nyingi zilikwama kwenye ghala la kukodi, zikapigwa mnada mwaka 1986, ndipo kopi zikasambaa. Onyesho hilo lilitoka rasmi 2017. Kwa hiyo ulichonacho, samahani kama nakuvunja moyo, ni kopi ya kopi ya kitu ambacho leo unakipata kikiwa safi zaidi. Isikilize, ifurahie, ila usianze nayo.

Swali langu: je, mzee mwenyewe alikuwa anarekodi? Mpigie simu umuulize. Kama zipo alizorekodi kwa mkono wake, hizo ndizo mali. Nyingine zote huenda zipo kwa watu elfu, ila kaseti mama ni moja tu duniani.

BintiMvita:
Kaka pole na hongera. Mimi niliingia kwa bendi hii kupitia mlango wa udi. Septemba 1978 walikwenda kupiga mjini Giza, Misri, chini ya piramidi, usiku tatu mfululizo, tarehe 14 hadi 16, na Hamza El Din, Mnubi mpiga udi, akapanda nao jukwaani na watu wake wakipiga makofi. Usiku wa mwisho mwezi ulipatwa. Kwa kusema kweli bendi haikuwa vizuri: piano haikuwa sawa, na Bill Kreutzmann alipiga ngoma mkono mmoja umevunjika. Lakini pale makofi ya Kinubi yanapoanza kuingiliana na magitaa, mtu wa taarab anaelewa bila kuambiwa. Angalia kama iko kwenye kasha lako.

Fundi_Spuli:
Upande wa ufundi. Achana na vile vichezeo vya bei rahisi vya kuchomeka kwenye kompyuta, vinayumbisha sauti. Tafuta deki nzuri ya mitumba, safisha kichwa chake kwa spiriti kila baada ya kaseti mbili tatu. Kaseti iliyokaa miaka, ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe nyuma ndipo uicheze. Kama kile kisponji kidogo cha ndani kimebanduka, hamishia utepe kwenye ganda jingine. Dolby, yaani kile kipunguza mvumo cha deki, usiwashe kama lebo haisemi ilitumika, utaua sauti za juu.

Rekodi kwa WAV ya biti 24 (faili la sauti lisilobanwa), kisha uhifadhi kama FLAC, inayobana faili bila kupoteza sauti. MP3 ya kusikilizia kwenye simu sawa, ya kuhifadhi hapana. Na usisafishe mvumo! Kila mtu anadhani anajua kuusafisha. Andika faili la maneno: tarehe, ukumbi, maikrofoni gani, deki gani, nani kahamisha.

Mzee_wa_Deki:
Nirudi kwenye kuuza. Bendi hii iliruhusu watu warekodi, na kuanzia 1984 ikawatengea kabisa sehemu yao nyuma ya meza ya mitambo. Sharti lilikuwa moja, pasiwe na biashara. Watu walibadilishana, au ulituma kaseti tupu na pesa ya stempu, unarudishiwa zikiwa zimejaa. Ukiziuza utakuwa umeuza ulichopewa bure kwa masharti ya bure. Mwambie shemeji tumemsikia, anunuliwe kabati.

KidoleJuu:
Nimenyoosha mikono.

Mgeni_wa_Ohio:
Nimempigia. Alicheka sana nilipomtajia Cornell, akasema kila mtu huanzia hapo. Alizorekodi mwenyewe zina nukta nyekundu kwenye mgongo. Nimezipata 11, ikiwemo ya Buckeye Lake hapahapa Ohio, 25 Juni 1988.

BintiMvita, ya Misri haimo.

Jana usiku nimeanza na Buckeye. Kaseti ni ya dakika 90, kwa hiyo baada ya 45 wimbo umekatika katikati, unasikia "tak", unarudi mbele kidogo. Kabla ya hapo kuna jamaa karibu na maikrofoni anapiga stori kwa sauti kubwa, halafu sauti nyingine inamwambia: "Bwana, nyamaza, narekodi." Ni jirani yangu, kijana kabisa. Nimerudia mara nne. Hiyo sehemu niikate?

Mzee_wa_Deki:
Thubutu! Safisha kichwa cha deki, endelea na upande B.