Pancha za pikipiki Malindi: sensa ya presha yafaa kweli?

BodaMambrui: Wadau, nabeba abiria Mambrui mpaka Gongoni na hizi pancha zanimaliza, tairi ya nyuma kila mara, mara mwiba mara msumari. Nimeona sensa za kufunga kwenye valvu pale pa kifuniko, zikuonyeshe presha ukiwa njiani. Zafaa ama ni kupoteza pesa?

Fundi_wa_Pwani: Kaka, sensa haizuii mwiba. Tairi ya tyubu ikidungwa upepo waisha mara moja, utahisi pikipiki yayumba kabla hujatazama kioo cha sensa. Faida yake ni kwa tairi isiyo na tyubu, ile huvuja polepole. Wewe nunua geji upime asubuhi tairi ikiwa baridi, ikishapata moto presha hupanda na itakudanganya.

mzee_wa_nazi: Na upepo kidogo wenyewe waleta pancha jamani, tairi yabonyea, yachemka, tyubu yateleza kwenye rimu mpaka valvu yakatika shingoni. Ukibeba abiria na gunia la nazi ongeza upepo tairi ya nyuma, kipimo kiko kwenye kitabu cha pikipiki.

BodaMambrui: Shukran sana, yangu hukatika hapohapo shingoni! Geji nzuri yapatikana wapi hapa mjini?