Mjadala: Mbona unyenyekevu tunaudai kwa wadogo tu?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Naiweka hoja yangu mezani mapema ili atakayenipinga ajue pa kuanzia: unyenyekevu tunaousifu kila siku tumeugeuza kuwa mzigo wa mtu wa chini. Mtoto akihoji kauli ya mkubwa, hana adabu. Kijana mpya kazini akisema hesabu za bosi hazijakaa sawa, ni mjuaji. Bosi akimkatisha mtu mzima kauli mbele ya wenzake, tunasema ana msimamo. Nani amewahi kuona mkurugenzi akiandikiwa barua ya onyo kwa kukosa unyenyekevu?

Najua, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Ila angalieni anayeinama siku zote ni nani: mwenye shida.

Niwape mfano mmoja wenye makaburi. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za abiria aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Hispania. Ukungu umetanda, na saa za kazi za marubani wa KLM zinakaribia kikomo. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mtu mzito; ndiye aliyewafunza na kuwapima wenzake kurusha ndege za aina hiyo, na rubani msaidizi aliyeketi kando yake alipimwa na yeye huyo huyo, si muda mrefu nyuma. Alipoanza kuongeza nguvu za injini, msaidizi akamkumbusha kwamba ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege bado. Akasita. Muda mfupi baadaye akaanza tena, na safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao, akauliza kama ile Pan Am imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa mkazo kuwa imetoka. Mhandisi akanyamaza.

Haikuwa imetoka. Ndege zikagongana, wakafa watu 583.

Sasa niambieni, hapo kilikosekana unyenyekevu wa nani? Mhandisi alikuwa nao tele. Aliuliza kwa adabu, akajibiwa, akatulia, kama tulivyofundwa sote.

Karibuni. Ila tusije na "heshima si utumwa" halafu tukaishia hapo.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umechagua mfano unaokubeba. Mimi nimelea watoto na nimesimamia watu kazini, na ninachokiona ni kinyume chake: wanaohoji ni wengi, wanaosikiliza wachache. Mtu hajamaliza hata mwezi anataka kufuta utaratibu ambao hajajua uliwekwa kwa nini.

Mwaka 1999 wanasaikolojia David Dunning na Justin Kruger walichapisha utafiti wao: watu walipewa majaribio, yakiwemo ya mantiki na sarufi, kisha wakaulizwa wanadhani wamefanyaje wakilinganishwa na wenzao. Walioshika mkia ndio waliojipandisha kupita wote, wakajiona wako juu ya wastani. Debe tupu haliachi kuvuma. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "sema, usiogope", umempa kipaza sauti.

Halafu huyo mhandisi wako alikuwa na woga. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Usimbebeshe unyenyekevu lawama isiyo yake.

Mchangiaji wa pili

Mmesahau upande mmoja. Mwanamke akitaja kazi aliyoifanya kwa mikono yake, anajisifu. Mwenzake wa kiume akiitaja kazi hiyo hiyo, anajiamini. Mimi kunyenyekea kwa mtindo huo nimechoka, sina la kuongeza.

Mchangiaji wa tatu

Nasimama na mchangiaji wa kwanza, kwa sababu nyingine. Daktari Ignaz Semmelweis, huko Vienna mwaka 1847, aligundua kuwa madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vya homa ya uzazi wodini vikashuka sana. Alikuwa sahihi. Lakini mdomo wake! Aliwaandikia maprofesa barua za wazi akiwaita wauaji. Nani angemsikiliza? Alikufa 1865 bila kukubaliwa. Ukweli usio na staha haufiki.

Mwanzisha mada

Nianze na mchangiaji wa kwanza. Utafiti uliouleta una nusu ya pili, umeiacha. Walioongoza kwenye majaribio yale walijishusha. Walidhani wenzao wamefanya vizuri kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo mahubiri yako yanamkuta mwenye uwezo, ambaye tayari anajitilia shaka, na kumpita debe tupu. Tena walioshika mkia walipofundishwa mantiki kidogo ndipo wakaanza kujiona walivyo. Walifundishwa, hawakuinamishwa.

Kuhusu woga, nakubali. Ila bosi aliye juu atautofautisha vipi na adabu? Vyote viwili kwake ni ukimya. Watu wa ndege hawakukaa kusubiri marubani wakuu wapate moyo mwema. Mwaka 1979 NASA iliitisha warsha juu ya jambo hili, na mashirika yakaanza kuwafunza marubani wakuu kupokea hoja na walio chini yao kuzisema.

Dada, wewe sina la kukupinga.

Na Semmelweis alikuwa mkali, sikatai. Hata mimi nisingependa kuwa jirani yake. Lakini tazama tarehe. Zile barua za matusi ni za 1861 na kuendelea. Matokeo ya wodini yalikuwepo tangu 1847, na wenzake wakayatangaza kwa lugha ya kistaarabu kabisa. Hiyo miaka 14 katikati, maprofesa walikuwa wanasubiri adabu gani tena?