Kompyuta au fedha: mtoto anayetaka kubaki kusini asomee nini?

Mwana_Newala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja, amemaliza kidato cha sita mchepuo wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Yuko nyumbani Newala anasubiri dirisha la udahili. Hesabu anaiweza. Yeye anataka sayansi ya kompyuta. Mzee anataka uhasibu au benki na fedha, na hoja yake ni moja tu: tangu aanze kuuza korosho hajawahi kuona AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) isiyo na mtu wa mahesabu, lakini hajawahi kuona yenye mtu wa kompyuta.

Naomba mnilinganishie mshahara na kuridhika na kazi. Zingatieni kwamba binti anataka kurudi kufanya kazi huku Mtwara au Lindi, Dar hataki kuisikia. Ada itatoka mfukoni mwangu na kwenye korosho za mzee kama mkopo wa bodi hautatosha. Naomba kuwasilisha.

Ndanda_Kwetu

Nimeweka kambi hapa. Nami nina kijana wa hivyo hivyo.

Msomi_wa_Mbali

Mkuu, hapo hakuna mjadala, ni kompyuta. Takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2024 zinaonyesha mtengeneza programu wa kipato cha kati anapata dola 133,080 kwa mwaka, mhasibu na mkaguzi wa hesabu dola 81,680. Pengo la zaidi ya dola 50,000. Mzee aonyeshwe hizo.

Fundi_Chuno

Mzee akionyeshwa hizo atauliza Newala dola zinauzwa mnada gani. Na kama tunaazima takwimu za Marekani, tuzichukue zote. Tawi la New York la benki kuu yao lilitoa hesabu kwa data za 2023: waliohitimu karibuni sayansi ya kompyuta, asilimia 6.1 hawakuwa na kazi, na uhandisi wa kompyuta asilimia 7.5. Waliosoma falsafa walikuwa na nafuu kuliko hao. Anayepata anapata sana, ila mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba hata kwao.

Mstaafu_Mtanda

Nilikuwa utumishi, sasa napumzika Lindi. Vijana mnalinganisha mishahara ya kwenye tangazo. Linganisheni kinachobaki mkononi.

Chukueni mfano wa mtumishi wa umma mwenye mshahara wa msingi wa 1,000,000. Nimechagua namba hiyo kwa wepesi wa hesabu, msije mkasema nimeahidi mtu. Mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5, ni 50,000. Kodi inapigwa kwenye 950,000 iliyobaki: 270,000 ya mwanzo haina kodi, kisha asilimia 8, 20 na 25 kwa ngazi, jumla 115,500. Bima ya afya asilimia 3, 30,000. Bodi ya mikopo asilimia 15, 150,000. Zinabaki 654,500, na hapo chama cha wafanyakazi hakijachukua chake.

Makato hayo hayaulizi umesomea nini. Serikalini hawa wawili wanaingia kwa shahada, wanaanzia daraja la II, na wanapanda kwa ngazi zinazofanana. Tofauti kubwa niliyoiona kazini haikuwa ya kompyuta na fedha. Ilikuwa kati ya aliyebaki halmashauri na aliyehamia kwenye taasisi zenye viwango vyake vya mishahara: Benki Kuu wana tawi hapo Mtwara mjini, ipo TRA, ipo bandari, wapo TPDC, shirika la mafuta, upande wa gesi. Huko kote kuna ofisi ya hesabu na ofisi ya TEHAMA, ila ya hesabu huwa na viti vingi zaidi.

Msomi_wa_Mbali

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye asilimia 15 ya bodi umenivunja nguvu.

Mstaafu_Mtanda

Marahaba. Ulipokuwa unapokea bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, ulikuwa unacheka.

Mama_Mikindani

Mimi ni mhasibu. Nimepitia AMCOS, nikaenda chama kikuu cha ushirika, sasa niko sekta binafsi. Kaka Mwana_Newala, mzee wako hajakosea, ila yeye anamwona mhasibu siku ya malipo tu.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze 2007 kazi ya hesabu za korosho imekuwa hivi: mkulima anapima AMCOS, mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, mnunuzi analipa, makato yanatolewa, halafu kila mkulima anaingiziwa chake kwenye akaunti yake ya benki. Mtu mmoja akikosewa tarakimu moja ya akaunti, au jina la kitambulisho likatofautiana na la benki, pesa inarudi na mwenye nayo yuko dirishani kwako saa moja asubuhi na wajomba zake. Toka Oktoba mpaka Januari hakuna Jumapili. Msimu ukiisha wanakuja COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, kukagua, na ile karatasi uliyoipitisha usiku wa manane ndiyo wanayoiuliza.

Mshahara wa AMCOS unategemea ushuru wa kilo. Mwaka mikorosho ikipigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, na mfuko wako umepigwa. Vyama vikuu, TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, vina unafuu kwa sababu ofisi ni kubwa na mishahara haiyumbi sana na msimu.

Kuna jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kukuambia. Mhasibu bila CPA, cheti cha juu cha uhasibu, anafika mahali anasimama. Mitihani yake, ya NBAA (bodi ya wahasibu), ni mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Novemba kwetu ni katikati ya minada! Wenzangu wengi wa ushirika kwa vitendo wanabaki na Mei peke yake, kwa hiyo safari ambayo mwenzao wa mjini anaimaliza mapema, wao inavutika kama mpira. Binti akisoma uhasibu, aanze mitihani ya bodi kabla hajashikwa na msimu wa kwanza.

Na tafadhali msichanganye uhasibu na benki na fedha. Wa uhasibu anaanzia mbele zaidi kwenye ngazi za NBAA. Wa benki na fedha anakwenda benki, na benki siku hizi mawakala na simu vimekula kazi za dirishani. Kilichobaki kwa mgeni ni kutafuta wateja na kufuatilia mikopo. Nilikuwa na rafiki katika benki moja, kila mwezi ana lengo la akaunti mpya na la mikopo, hata kwenye misiba anakwenda na fomu. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko wangu. Aliacha.

Kuridhika? Siku malipo yanaposoma kijiji kizima kwa mkupuo, simu zinalia "tii, tii" uwanjani, mimi hakuna kazi nyingine ningeitaka. Siku nyingine zote ni kazi tu.

Kangomba_Mstaafu

Mbona hakuna aliyetaja kangomba, ile biashara haramu ya kununua korosho kwa wakulima nje ya mnada? Inalipa kuliko hizo shahada zote mbili.

Mama_Mikindani

Na gereza la Lilungu bado lina nafasi. Karibu.

TEHAMA_wa_Wilaya

Nimecheka, sasa nirudi kwenye uzi. Mimi ni afisa TEHAMA katika halmashauri moja ya kusini, nimesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), pale CIVE, ndaki yao ya kompyuta. Nilivyokuwa chuo nilidhani nitakuwa naandika mifumo. Mifumo inakuja imeshaandikwa. Malipo ni MUSE, mapato ni TAUSI, manunuzi ni NeST, hospitali ni GoTHOMIS. Wanaoiandika wako Dodoma na Dar. Mimi huku kazi yangu ni mtandao usikatike, mashine za POS za wakusanya ushuru zisome, watu wakumbuke nywila zao, na printa ya mkurugenzi itoe karatasi. Mkusanya ushuru wa stendi mashine ikigoma usiku, simu inayolia ni yangu.

Sisemi ni kazi mbaya. Mshahara unaingia tarehe yake, na kusafiri vijijini kufunga mtandao kwenye zahanati kunanipa raha ambayo mhasibu haipati ofisini. Lakini mtoto anayependa kompyuta kwa sababu anapenda kutengeneza kitu, na papo hapo anataka kubaki Newala kwenye ajira ya serikali, ajue vitu hivyo viwili havikai nyumba moja. Hilo ndilo linalowachosha wenzangu, hata kuliko mshahara.

Ndanda_Kwetu

Hapo umenigusa. Kijana wangu anataka kutengeneza programu za simu.

Fundi_Chuno

Basi asikie na upande wangu. Mimi sina mwajiri. Nimesoma kompyuta, naishi Mtwara mjini, asubuhi nafunga kamera za ulinzi na mitandao kwenye maduka na nyumba za wageni, jioni naandika tovuti na programu kwa wateja ambao wengi hatujawahi kuonana. Kuna mwezi napata kumzidi mwenye shahada yoyote niliyemaliza naye, na kuna mwezi naomba mke alipie umeme. NSSF najichangia mwenyewe, nikisahau hakuna wa kunikumbusha. Wenye maduka huku hulipa vizuri korosho zikilipwa, kwa hiyo hata mimi wa kompyuta nina msimu.

Na usisahau umbali. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar kule Somanga, na mwezi huo huo kebo za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zikapata hitilafu. Mteja wa nje haelewi Somanga ni wapi. Anaelewa tarehe ya kukabidhi kazi imepita.

Pamoja na hayo, nikiulizwa leo nachagua kompyuta tena. Nimeunda mfumo wa kuhesabu vyumba na malipo kwa mwenye gesti mmoja, mpaka leo unafanya kazi na ananiletea wateja. Mhasibu anahesabu fedha za watu wengine mpaka anastaafu.

Mama_Mikindani

Hizo fedha za watu wengine ndizo zinazolipa kamera zako, mdogo wangu.

Mkaguzi_Ligula

Naingia nikiwa katikati yenu, mimi ni mkaguzi wa mifumo. Zamani mkaguzi alikuwa anafungua daftari. Sasa mnada wa korosho unapita kwenye mfumo wa soko la bidhaa, TMX, vyama vya ushirika vina mfumo wao wa MUVU, malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya mfumo wa GePG. Ukitaka kujua pesa imepita wapi, unauliza nani aliingia kwenye mfumo, saa ngapi, kwa ruhusa ya nani. Watu wanaoweza kuuliza hivyo na wakaielewa hesabu yenyewe ni wachache huku, ndiyo maana wanalipwa vizuri na wanahamishwa sana. Hilo la kuhamishwa mwambieni binti mapema.

Cheti kinachotafutwa ni CISA, cha ukaguzi wa mifumo, kinachotolewa na chama cha kimataifa cha ISACA. Kinataka uzoefu wa miaka 5, ingawa shahada inaweza kukupunguzia sehemu yake. Unaweza kukifikia ukitokea upande wowote. Maoni yangu, aanze na kompyuta, uhasibu atauongezea baadaye. Nimeona wa kompyuta wakijifunza debiti na krediti na kuzielewa. Wahasibu waliojifunza kusoma kanzidata wakiwa na miaka 35 na watoto watatu, nawahesabu kwa vidole.

Mama_Mikindani

Hapo sikubaliani nawe. Debiti na krediti anazijua hata muuza duka. Kazi ya mhasibu ni kujua kodi, sheria ya ushirika, viwango vya taarifa za fedha, na lini ukatae kuweka sahihi. Hilo la mwisho hakuna kozi fupi. Na mtu wa kompyuta akitaka CPA baadaye anaanzia ngazi ya chini kuliko mwenye shahada ya uhasibu, na ile Novemba iko pale pale inamsubiri.

Mkaguzi_Ligula

La sahihi nakupa, dada. La vidole silirudishi.

TEHAMA_wa_Wilaya

Wakuu, mnabishana kuhusu miaka kumi ijayo na mtoto hajaomba chuo. Mwana_Newala, gharama je? Chuo cha uhasibu, TIA, wana kampasi hapo Mtwara, akisoma uhasibu anaweza kukaa kwa ndugu mjini. Sayansi ya kompyuta ya UDSM iko Kijitonyama, ya UDOM iko Dodoma. Chumba, nauli na laptopu nzuri ni mzigo mwingine kabisa.

Mwana_Newala

Nashukuru wote, na wazee shikamooni. Uzi huu nimemsomea binti, kisha mzee. Binti alipofika kwa TEHAMA_wa_Wilaya alinyamaza, halafu akasema kama kazi ni printa ya mkurugenzi basi bora gesti za Fundi_Chuno. Mzee amemwelewa Mkaguzi peke yake, kwa sababu kuna mwaka malipo yake yalikwenda akaunti ya mtu mwingine na hakuna aliyeweza kumwonyesha ni nani aliyebadilisha.

Tulipofika: ataomba sayansi ya kompyuta kwanza, uhasibu TIA Mtwara uwe chaguo la pili. Benki na fedha tumeitoa. Mzee ameweka sharti kwamba likizo zote za korosho binti akajitolee AMCOS upande wa malipo, na binti amekubali bila kununa.

Mkaguzi_Ligula

Sharti la mzee ni zuri kuliko ushauri wetu wote. Jambo moja: EGM haina Fizikia. Uhandisi wa kompyuta ataukuta umefungwa, na hata kwenye sayansi ya kompyuta vigezo vinatofautiana chuo kwa chuo. Mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, ukitoka asome mstari wa chuo husika neno kwa neno kabla hajalipia maombi.

Mwana_Newala

Hilo la Fizikia hatukuliwaza kabisa. Naupakua mwongozo usiku huu, bando la usiku ni rahisi.